Laptopu Nyepesi: Ukubwa Upi, Nguvu Kiasi Gani?

Anayetafuta laptopu nyepesi, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, huulizwa na muuzaji mambo mawili: unataka inchi ngapi, na unataka i5 au i7? Maswali haya yamezoeleka hivi kwamba mnunuzi akishayajibu huona kazi imekwisha, imebaki kupatana bei. Kumbe hajaambiwa kitu. Inchi ni urefu wa skrini kutoka pembe hadi pembe. Hazisemi ni mistari mingapi ya ripoti itaonekana kwa mara moja. Na i5 ni jina la ukoo wa prosesa wenye wanafamilia wa kila namna, kuanzia wanaokula wati 4.5 hadi wanaokula wati 45. Watu wawili wanaweza kutoka duka moja na mashine zenye stika ileile, mmoja akahariri video hadi usiku wa manane, mwenzake akakwama kwenye Excel.

Maswali hayo yanafaa kupangwa upya. Ukubwa uamuliwe na mahali unapokaa kufanya kazi. Nguvu iamuliwe na muda ambao kazi nzito inaendelea bila kupumzika. Baada ya hapo lije swali la tatu ambalo wauzaji wengi hulipita kimya: mashine hii ni ya kizazi gani, na kitu gani ndani yake hakiwezi kubadilishwa tena ukishailipia? Anayenunua mtumba aanze na hilo la tatu.

Uzito hupunguzwa wapi

Ndani ya laptopu hakuna mzigo wa bure unaoweza kutolewa ili mashine iwe nyepesi. Uzito mwingi uko kwenye betri, skrini, bodi ya nje na mtambo wa kupoza, yaani feni na mirija ya shaba inayobeba joto. Anayetaka kupunguza gramu 300 lazima apunguze kimojawapo, au atumie malighafi ghali kama magnesi na nyuzi za kaboni. Kwa hiyo kila mashine nyepesi imekatwa mahali fulani, na kazi ya mnunuzi ni kujua ni wapi.

Historia ya mashine hizi inaonyesha mikato hiyo waziwazi. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC 701, yenye skrini ya inchi 7, diski ya GB 4 na uzito wa kilo 0.92. Ilikuwa rahisi kununua na rahisi kubeba, lakini skrini yake ya nukta 800 kwa 480 ilikuwa nyembamba kuliko kurasa nyingi za intaneti za wakati ule, na msomaji alisogeza ukurasa kushoto na kulia kama anayechungulia dirishani. Januari 2008 Steve Jobs alipanda jukwaani San Francisco na kuchomoa MacBook Air ya kwanza kutoka kwenye bahasha. Hii ilibakiza skrini ya inchi 13.3 na kibodi kamili. Ikakatwa kwenye matundu, kwenye diski na kwenye uwezo wa kupoza, na bei yake ilianzia dola 1,799. Mwaka 2011 Intel ikatangaza kundi la Ultrabook ili watengenezaji wengine wafuate njia hiyo.

Mwaka 2015 Apple ilisogea mbele zaidi: MacBook ya inchi 12, isiyo na feni, yenye tundu moja tu la USB-C la kuchajia na la kuchomekea karibu kila kitu kingine. Nayo ilikuwa na kilo 0.92, sawa na ile Eee PC, na mwaka 2019 iliondolewa sokoni. Mashine mbili za uzito mmoja, zilizopishana miaka minane na bei mbali kabisa, zilikwama kwa sababu tofauti. Ya kwanza ilikatwa kwenye skrini kupita kiasi, ya pili kwenye nguvu na matundu.

Leo teknolojia imesogeza mpaka huo. LG imetengeneza Gram ya inchi 17 yenye kilo 1.35 hivi, na Lenovo imefikisha ThinkPad X1 Carbon ya inchi 14 chini ya kilo moja. Lakini hizo ni mashine za bei ya juu, na hata hizo RAM yake imechomelewa kwenye mazabodi. Asiye na bajeti hiyo atakutana na mikato ya zamani ikiwa na majina mapya.

Inchi na ukurasa

Kwenye ukubwa, hesabu ndogo ya jiometri ina faida kuliko maelezo ya dukani. Skrini ya inchi 15.6 yenye umbo la 16:9, ambayo imetawala soko kwa miaka mingi, ina upana wa sentimita 34.5 na kimo cha sentimita 19.4. Skrini ya inchi 14 yenye umbo la 16:10, ambalo limeenea kwenye mashine za miaka ya karibuni, ina upana wa sentimita 30.2 na kimo cha sentimita 18.8. Ukiandika ripoti au ukisoma PDF unapoteza milimita sita tu za kimo, lakini mkoba unapungua upana kwa zaidi ya sentimita nne. Kwa mwandishi, mwanafunzi au mwanasheria, ambaye kazi yake huenda juu na chini, inchi 14 ya 16:10 inaisogelea sana ile ya 15.6 iliyozoeleka.

Hali inageuka kwa mhasibu. Jedwali la Excel huenda kulia, na zile sentimita nne za upana ni safu kadhaa za takwimu. Zaidi ya hapo, mashine nyingi za inchi 15.6 zina kibodi ya namba upande wa kulia, na mtu anayeingiza ankara kutwa nzima hawezi kuiacha kwa sababu ya nusu kilo. Kama mashine yake haiondoki ofisini zaidi ya mara moja kwa wiki, wepesi atakaoulipia hatautumia.

Inchi 13 na chini ya hapo zina mahali pake: kiti cha basi, meza ya kukunja ndani ya ndege, ukumbi wa mkutano ambako watu wanaandika mapajani, kazi ya utafiti kijijini. Kipimo cha kweli ni saa ngapi kwa siku mashine itakuwa mapajani au kwenye meza finyu. Zikiwa chache, na nyingi zaidi uko kwenye meza yako, skrini ndogo itakulipisha shingo na macho kila siku ili ikufae siku mojamoja.

Azimio la skrini nalo litazamwe. Mashine nyingi za kiofisi zinazoingia kama mtumba, hasa za inchi 12.5 na 14 zilizotengenezwa kabla ya 2018, zina skrini za nukta 1366 kwa 768. Ukifungua Word pembeni kuna kivinjari, hakuna kinachosomeka vizuri. Mashine hiyohiyo ya toleo la 1920 kwa 1080 mara nyingi huwa rafu moja na mwenzake. Mwambie muuzaji afungue mipangilio ya skrini mbele yako, usiridhike na karatasi ya bei.

Dakika ya kwanza na dakika ya ishirini

Prosesa ikifanya kazi hutoa joto, na joto lisipotoka, prosesa hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kwenye laptopu nyepesi hiki ndicho kikomo halisi cha nguvu. Kwa dakika moja mbili karibu kila mashine ya kisasa inakwenda mbio, kwa sababu chuma bado ni baridi. Tofauti huanza pale joto linapojaa. Mashine isiyo na feni haiwezi kutoa joto jingi mfululizo; yenye feni moja nzuri huweza kushikilia wati 15 hadi 25 kwa muda mrefu; zile za wati 45 mara nyingi huhitaji feni mbili na unene ambao mtu wa laptopu nyepesi ameukimbia.

Ndiyo maana herufi zilizo mwishoni mwa jina la prosesa ni muhimu kuliko i5 au i7. Kwenye mashine za Intel za kizazi cha saba na cha nane, U ni daraja la wati 15 na H ni la wati 45. Y ni daraja la chini, lililotengenezwa kwa ajili ya mashine nyembamba, nyingi zikiwa hazina feni. Mwaka 2016 Intel iliziita baadhi ya prosesa za Y kwa jina la Core i5. Matokeo yake i5-7Y54 ni ya wati 4.5 na i5-7200U ni ya wati 15, na nje ya mashine zote mbili kumeandikwa Core i5. Mwaka uliofuata kukatokea badiliko jingine lililovuruga ngazi hiyo: i5-8250U ilikuja na viini vinne ilhali i7-7500U ya mwaka mmoja nyuma ina viwili. Anayelipa zaidi kwa i7 ya kizazi cha saba badala ya i5 ya kizazi cha nane ananunua namba ya stika.

AMD nayo ina mtego wake. Katika mfululizo wa Ryzen 7000 wa laptopu, tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja kizazi cha usanifu. Ryzen 5 7520U ina usanifu wa Zen 2 na viini vinne. Ryzen 5 7530U ina Zen 3 na viini sita. Majina yanapishana kwa tarakimu moja, uwezo unapishana kwa mbali.

Swali la nani anahitaji feni linajibika vizuri kwa kutazama mashine tatu za Apple zenye chipu moja, M4. MacBook Air ya inchi 13 ina kilo 1.24, haina feni. Air ya inchi 15 ina kilo 1.51, nayo haina feni. MacBook Pro ya inchi 14 ina kilo 1.55 na ina feni. Ukilinganisha Air mbili unaona gharama ya ukubwa peke yake: gramu 270 na, kwa bei za 2025, dola 200 zaidi, kasi ileile. Betri ya kubwa ni ya wati-saa 66.5 dhidi ya 53.8, lakini Apple ilitangaza saa 18 kwa zote mbili, kwani ziada hiyo yote inaliwa na skrini pana. Ukilinganisha Air ndogo na Pro unaona gharama ya kupoza, pamoja na skrini bora na betri kubwa zaidi: gramu 310. Kwa barua pepe, Word, intaneti na mikutano ya video hutaona tofauti ya kasi. Tofauti inakuja pale kazi nzito inapopita dakika kumi hivi.

Chukua mpiga video wa harusi. Kukata vipande na kuvipanga ni kazi ya kushtuka na kupoa: anacheza sekunde chache, anasimama, anaamua. Mashine isiyo na feni inamudu. Lakini anapobonyeza kutoa video ya mwisho ya saa mbili, prosesa inafanya kazi bila kupumua, na hapo Air itapungua kasi huku Pro ikiendelea. Kama anatoa video moja kwa wiki, aiache ifanye kazi usiku na abaki na wepesi. Kama ni tatu kwa siku na wateja wanasubiri, gramu 310 zinajilipa. Mwanafunzi wa programu anayejenga miradi midogo yuko upande wa kwanza. Mhandisi anayechora majengo kwenye Revit yuko upande wa pili, na kwa kuwa Revit hukaa kwenye Windows tu, hata Mac inamtoka mikononi kabla hajafika kwenye uzito.

Dukani, jaribio la nguvu si gumu. Fungua Task Manager, nenda kwenye ukurasa wa utendaji, utazame kasi ya prosesa kwa GHz huku mashine ikifanya kazi nzito, mathalani kubana folda kubwa la picha. Weka kiganja juu ya kibodi. Kasi ikianza zaidi ya 3 kisha baada ya dakika kumi ikashuka hadi 1 na kidogo, ama mashine ilijengwa hivyo, ama feni imejaa vumbi na grisi ya kupoza imekauka. La pili fundi analimaliza. La kwanza halina fundi.

Mtumba: angalia kizazi kwanza

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye nyongeza ya muda. Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mstari huo umelikata soko la mtumba katikati, na unapita ndani ya majina yanayofanana. HP EliteBook 840 G3 na G4 ziko chini ya mstari. G5 iko juu. Dell Latitude 7480 iko chini. 7490 iko juu. ThinkPad X270 iko chini. X280 na T480 ziko juu, mradi prosesa iliyomo ni ya kizazi cha nane; sharti hilo linahusu G5 na 7490 pia. Kwa macho ni mashine ndugu, na bei yake mara nyingi haipishani kwa kiasi kinacholingana na tofauti hiyo.

Wapo mafundi wanaoweka Windows 11 kwenye mashine za chini ya mstari kwa njia za pembeni. Inafanya kazi, lakini Microsoft haiahidi kwamba masasisho yataendelea kuja, na mtu anayefanya miamala ya benki kwenye mashine hiyo alifikirie hilo. Njia safi kwa mashine ya zamani ni Linux, kama Ubuntu au Mint, mradi programu unazozitegemea zinapatikana humo.

Upande wa pili wa soko kuna kishawishi tofauti: laptopu mpya kabisa, ndogo, ya inchi 11.6, yenye Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC. Ina udhamini, ina boksi, ni nyepesi. Lakini prosesa yake ina viini viwili vya daraja la chini, na Windows yenyewe pamoja na masasisho yake hula sehemu kubwa ya GB 64. Kwa fedha inayokaribiana, Latitude 7490 iliyotumika, yenye kilo 1.4 hivi, i5 ya viini vinne na skrini ya inchi 14, ni mashine ya daraja jingine. Ukitaka mpya, itafutie yenye SSD ya kweli na GB 8 kwenda juu. La sivyo upya wake utaisha na boksi.

Kinachobadilika na kisichobadilika

Lenovo ilipotoka X270 kwenda X280 mwaka 2018, uzito uliopungua haukufika gramu 200 kwa mashine za usanidi wa msingi. Ili kuupata, betri ya nyuma ya kuchomoa iliondolewa, tundu kamili la waya wa mtandao likaondolewa, na RAM ikachomelewa. Mwenye X270 yenye GB 8 anaweza kuchomeka kipande cha GB 16 kwa dakika kumi. Mwenye X280 yenye GB 8 atakufa nayo na GB 8. T480 ya mwaka huohuo, ikiwa na kilo 1.6 hivi, ilibakiza nafasi mbili za RAM na betri ya kuchomoa. Na kwa mtu anayekaa mbali na fundi wa bodi, ziada ya uzito huo ni bima.

Kwa hiyo kwenye mashine ambayo RAM haibadiliki, nunua RAM ya miaka minne ijayo, usinunue ya leo. GB 16 ndicho kiwango cha kuanzia. Apple yenyewe iliacha kuuza Mac mpya zenye GB 8 mwishoni mwa 2024. Ukilazimika kuchagua kati ya i5 yenye GB 16 na i7 yenye GB 8, chukua ya kwanza bila kusitasita. Diski mara nyingi hubadilishika, hivyo SSD ndogo isikukimbize.

Betri inahitaji hesabu yake. Laptopu ya daraja la U kwenye kazi nyepesi hula wati 6 hadi 10, hivyo betri ya wati-saa 50 ikiwa mpya hutoa saa tano hadi nane. Kwenye mashine iliyotumika, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotokea. Litaonyesha ujazo wa kiwandani na ujazo uliobaki. Ikiwa kiwandani ilikuwa 50,000 na sasa inajaa 30,000, punguza saa kwa uwiano huo, na bei ya betri mpya iingie kwenye mapatano. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, jambo hili lina uzito kuliko GHz. Pia mashine inayochaji kwa USB-C hukuokoa kubeba adapta nzito, na hupokea umeme wa pawabenki yenye wati za kutosha, jambo ambalo zile za pini ya duara hazikupi kirahisi.

Nani achukue nini

Anayezunguka kutwa, kama mwandishi wa habari, afisa wa shambani au mwanafunzi wa daladala mbili, inchi 13 au 14 zisizozidi kilo 1.4 zinamfaa. Asiogope kukosa feni, aogope kukosa RAM na betri. Anayekaa mezani na kuhama mara mojamoja, kama mhasibu au mwalimu, achukue inchi 15.6 au 16 na aache gramu zimpite. Anayetoa video, kuchora majengo au kuchakata takwimu kwa saa nyingi achukue mashine yenye feni hata ikiongeza robo kilo. Kama kazi yake ni ya wati 45, akubali kwamba laptopu nyepesi haipo kwa ajili yake: aweke kompyuta ya mezani yenye nguvu, abebe ndogo ya bei rahisi.

Wanaobaki katikati ndio wengi, na kwao mizani inalala upande mmoja: inchi 14, prosesa ya daraja la U ya kizazi cha nane au zaidi, GB 16 au nafasi ya kuzifikia, chaji ya USB-C. Tofauti ya bei ambayo wangeiongeza ili wapande kutoka i5 hadi i7 wanunulie skrini ya mezani ya inchi 24, hata iliyotumika. Kwenye laptopu ya kilo 1.4, i7 itapungua kasi joto likijaa, sehemu ya faida yake ipotee. Skrini kubwa itatumika kwa upana wake wote kila saa watakayokaa kazini, na laptopu ijayo itaikuta mezani.